Lengo, Shabaha na Kiwango: Istilahi za Kupima Stadi za Mwuzaji

Tuliletewa fomu ya kusahihisha tafsiri yake, itokayo katika kampuni moja yenye duka mjini Morogoro. Ilikuwa fomu ya kuwapima wauzaji kila baada ya miezi mitatu. Mfasiri alikuwa ameandika neno malengo mahali panne, na kila mahali lilikuwa na maana yake: fedha zinazotakiwa kuingia kwa mwezi, jambo ambalo mwuzaji anakusudia kujifunza, idadi ya wateja wa kutembelewa, na alama za mwisho. Yamkini msomaji ataliona hilo kuwa kosa dogo la lugha. Lakini fomu hiyo ndiyo iliyoamua nani aongezewe mshahara, na mwuzaji mmoja aliyeandikiwa kuwa “hakufikia malengo” hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo manne lililomshinda.

Lengo latokana na kitenzi lenga, kazi ya mwenye upinde au bunduki. Shabaha nayo ni ile alama anayoielekea. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hupokezana nafasi, wala hatuna haki ya kuwazuia wasemaji. Katika istilahi, hata hivyo, hapana budi kila dhana ipewe neno lake. Tunapendekeza lengo liwe hali ambayo mtu anataka kuifikia, na shabaha iwe kiasi kinachohesabika, chenye tarehe. “Kuwaeleza wateja bidhaa kwa usahihi” ni lengo. “Wateja tisa katika kila kumi, ifikapo mwisho wa Juni” ni shabaha. Fedha za mwezi ziitwe kiwango cha mauzo, zisiguse kabisa neno lengo.

Stadi ni neno lenye safari ndefu. Lilitoka Uajemi kwa njia ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa ustadhi. Hapo awali lilimtaja mtu, yaani fundi stadi, na sifa yake ikaitwa ustadi. Siku hizi twasema stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, na neno limekuwa jina la jambo lenyewe linalojifunzwa. VETA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994, inalo katika jina lake kamili, na Morogoro pana Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi. Walimu kwa upande wao wamezoea umahiri, hasa tangu mtaala wa sekondari wa mwaka 2005. Je, ni visawe? Sivyo.

Tuchukue mfano wa mwuzaji wa mboga na viungo katika Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mboga humteremkia kutoka Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru; mdalasini, karafuu na pilipili manga hutoka Matombo na Kinole, upande wa mashariki. Akiweza kueleza mdalasini mzuri hutambuliwaje, ana maarifa. Akiweza kumwonyesha mteja tofauti hiyo, akapima kwa mizani na kurudisha chenji bila kukosea, ana stadi. Akifanya hayo yote siku soko limefurika kama afanyavyo siku ya utulivu, huo ndio umahiri.

Sasa mpime mtu huyo kwa fedha peke yake. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia ya mlimani ya Mgeta kupitia Mlali huwa ngumu, mboga huchelewa, na mapato yake hushuka ingawa stadi yake imekua. Bei ikipanda kwa uhaba, huenda akasifiwa kwa kazi iliyofanywa na mvua. Kiwango cha mauzo hupima soko pamoja na mwuzaji. Stadi hupimwa kwa kumtazama mwuzaji akiwa kazini.

Kwa hiyo twahitaji kigezo, yaani sharti la kuitwa kazi nzuri. Kiashirio, yaani dalili inayoonekana. Kipimo, chombo cha kuhesabia. Na tathmini, hukumu itolewayo mwishoni. Watu wa sokoni hawahitaji kufundishwa maana ya kipimo. Wanajua kuwa fungu hupangwa kwa jicho, kwamba debe lina ujazo wake, na kwamba lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, limekatazwa kwa kuwa humpunja mkulima. Baadhi ya malengo tuliyoyaona katika fomu hiyo yalikuwa lumbesa: “aboreshe mawasiliano, uaminifu na huduma,” yote katika gunia moja.

Kwa maoni yetu, uchanga wa istilahi hizi una sababu. Katika uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwuzaji wa duka hakuwa na haja ya kumshawishi mtu. Sukari na sabuni zilisubiriwa kwa foleni. Biashara ilipolegezwa tangu mwaka 1986, mafunzo ya uuzaji yaliingia na lugha yake ya kigeni.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Fomu ile haikuwa na nafasi ya kuandika mwuzaji aliweza nini kabla ya kuanza, na pasipo hilo maendeleo hayapimiki. Tulifikiria kianzio, lakini kwa mfanyabiashara huweza kudhaniwa kuwa fedha za kuanzia. Kwa sasa tumeandika hali ya awali, na nafasi hiyo tumeiweka juu kabisa ya ukurasa. Mfasiri au mwalimu mwenye neno fupi zaidi na atuletee.