Mganga Naye Asome Habari za Urithi



Siku moja tulikuwa darasani tukijifunza hesabu za mafungu. Tulikuwa tumefika kwenye robo. Mama mmoja akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, hiyo robo mimi naijua. Ndiyo iliyoniliza."

Tukaweka chaki chini tukamsikiliza. Mtoto wake wa kwanza ana ugonjwa wa selimundu. Alipompeleka kupimwa, mhudumu mmoja alimwambia, "Mama, ugonjwa huu hupata mtoto mmoja katika wanne. Wewe wako umeshampata. Watatu watakaofuata watakuwa salama." Mama na mumewe wakarudi nyumbani wametulia. Mtoto wa pili akazaliwa. Naye ana selimundu. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema eti mama karogwa. Wengine walimshauri mume aoe mke mwingine.

Mama huyu hakurogwa. Wala mhudumu yule hakusema uongo kwa makusudi. Alijua robo, lakini hakujua maana yake. Leo tutaeleza jambo hili, halafu tutaona waganga na wauguzi wetu wafundishwe nini.

SELIMUNDU NI NINI?

Damu yetu ina chembe nyekundu, ndogo sana. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Chembe nzima ni ya mviringo, tena laini. Hupita vizuri kwenye mishipa myembamba. Chembe za mgonjwa hujikunja kama mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo asili ya jina hili. Chembe hizo hukwama njiani, na mifupa huuma sana. Tena hufa mapema. Kwa hiyo damu hupungua na macho huwa ya manjano.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hurithiwa. Mwili una maagizo yanayouelekeza namna ya kujijenga. Maagizo hayo huitwa vinasaba. Kwa jambo hili la chembe nyekundu, kila mtu ana maagizo mawili: moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Mwenye agizo moja zima na moja la selimundu huitwa mbebaji. Kwa kawaida yeye haugui. Mwenye maagizo mawili ya selimundu ndiye mgonjwa. Basi tusimlaumu mama peke yake. Wazazi wote wawili wametoa.

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alionyesha kuwa wabebaji hukingwa kiasi na malaria kali. Ndiyo sababu selimundu imeenea kwenye nchi zenye malaria, kama yetu. Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa watoto kama 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

TUJARIBU KWA MAHARAGE

Chukua makopo mawili. Kila kopo litie harage moja jeupe na moja jekundu. Kopo moja ni baba, la pili ni mama. Wote ni wabebaji. Fumba macho, toa harage moja katika kila kopo. Huyo ni mtoto. Akipata mekundu mawili, ni mgonjwa. Akipata jekundu na jeupe, ni mbebaji. Akipata meupe mawili, hana kitu.

Sasa angalia hapa. Kabla ya kutoa tena, rudisha kila harage kwenye kopo lake. Makopo hayakumbuki mtoto aliyetangulia. Kila mimba ni bahati mpya, na kila mara nafasi ya kupata mgonjwa ni moja katika nne. Wazazi wanaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo. Wanaweza pia kupata watoto watano, wote wazima.

Tulifanya hivyo darasani. Kundi moja likatoa mekundu mara mbili mfululizo. Yule mama akasema, "Kumbe!"

WAGANGA WASOME NINI?

Elimu ya vinasaba imekwenda mbio. Mwaka 2003 wanasayansi wa nchi kadhaa walitangaza kuwa wamesoma karibu maagizo yote ya mwili wa binadamu. Mwaka 2022 walitangaza sehemu zilizokuwa zimebaki. Mganga aliyemaliza chuo zamani atayajuaje haya asipofundishwa tena? Mbegu mpya zikija, mkulima hupewa mafunzo. Mganga naye apewe, hapo hapo kazini. Ajifunze mambo haya:

1. Namna ugonjwa unavyorithiwa. Afanye kwa mikono, hata kwa maharage, asikariri tu.

2. Vipimo. Kipo kipimo cha haraka kinachoonyesha kuwa damu ina selimundu, lakini hakitenganishi mbebaji na mgonjwa. Tena hakifai kwa mtoto mchanga. Lazima kipimo kingine kifuate.

3. Matunzo. Mtoto mgonjwa anahitaji penisilini kila siku mpaka afike miaka 5, chanjo zote, kinga ya malaria na maji mengi ya kunywa. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 kutoka Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha kuwa hupunguza maumivu na vifo vya watoto.

4. Kusema na watu. Aeleze kwa lugha yetu, halafu amwombe mama arudie alivyoelewa. Kama mhudumu yule angefanya hivyo mbele ya mwenzake anayejua, kosa lingeonekana palepale.

5. Kutunza siri. Majibu ya damu ni ya mwenyewe. Mganga ashauri, asiamuru nani aoane na nani.

NA SISI JE?

Kuuliza si ujinga. Mtoto akivimba mikono na miguu, akilia kwa maumivu ya mifupa mara kwa mara, au akipungukiwa damu, tumpeleke zahanati tuulize, "Je, amepimwa selimundu?" Mgonjwa wa selimundu akipata homa, akishindwa kupumua vizuri, akipauka ghafla, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, tusingoje kesho. Twende siku hiyo hiyo.

Yule mama sasa anawatunza watoto wake wote wawili, na mumewe yuko naye. Alichukua makopo na maharage akaenda kuwaonyesha wakwe zake. Minong'ono imepungua.

MASWALI

1. Kwa nini tunarudisha maharage kwenye makopo?
2. Mbebaji na mgonjwa wana tofauti gani?
3. Je, zahanati yenu inaweza kupima selimundu? Kama haiwezi, hupeleka watu wapi? Mkaulize, kisha mjadiliane darasani.