Moyo, Mapafu na Jiko la Mkaa

Mtahiniwa, ukitaka kuwa muuguzi, tabibu au mtaalamu wa maabara, mada hii utakutana nayo tena chuoni. Usiikariri tu, ifuate damu katika safari yake.

Damu yenye kabonidayoksaidi nyingi huingia chumba cha juu cha kulia cha moyo, hushuka chumba cha chini cha kulia, kisha husukumwa kwenda mapafuni kupitia ateri ya mapafu. Huko, kwenye vifuko vidogo vya hewa, kabonidayoksaidi hutoka na oksijeni huingia. Damu hurudi kwa vena za mapafu hadi chumba cha juu cha kushoto, hushuka chumba cha chini cha kushoto, na kutoka kwa aota kwenda mwilini.

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa: ateri huitwa ateri kwa sababu hutoa damu moyoni, si kwa sababu imebeba oksijeni. Ateri ya mapafu ndiyo ushahidi.

Sasa tumia elimu hiyo. Oksijeni hubebwa na himoglobini iliyomo katika seli nyekundu za damu. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Njombe na Makambako huwafanya baadhi ya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Moyo unadunda, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu inafika kwenye ubongo ikiwa na oksijeni kidogo. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje penye hewa safi, kisha mwahishe hospitali. Nyumbani kwenu, jiko libaki nje.

Zoezi
1. Kwa nini ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia?
2. Eleza kwa nini aliyevuta kaboni monoksaidi hupungukiwa na oksijeni ingawa moyo na mapafu yake havina hitilafu.