Kiazi cha Isongole kinapoingia darasani

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu, baridi ndiyo inayokuarifu kuwa umefika Isongole. Si Isongole ya Ileje, mpakani na Malawi. Hii ni ya Rungwe, nchi ya viazi mviringo. Mtoto wa hapa anajua kutenga kiazi cha mbegu na cha kuuza kabla hajajua kusoma. Lakini akifika sekondari, anapewa osmosisi, yaani jinsi maji yanavyopenya utando wa seli, aikariri kutoka ubaoni.

Mwalimu angeanza na kiazi hicho hicho. Kimenye, kikate nusu, kila nusu ichimbwe shimo kwa kijiko. Nusu moja ichemshwe. Zote zisimamishwe kwenye sahani zenye maji, na kila shimo litiwe sukari kijiko kimoja. Subirini. Polepole, shimo la kiazi kibichi linajaa maji, nayo yanapanda. La kile kilichochemshwa halipandi.

Hapo ndipo mikono inapoinuka: kwani hiki kimekosa nini? Kimekosa uhai. Moto umeua seli, na utando wake hauwezi tena kuchagua kipi kipite na kipi kibaki. Aliyeuliza swali hilo mwenyewe hahitaji kukaririshwa jibu.

Kiazi kina vipindi vingine. Gunia la lumbesa, linalovuka kilo 100 zinazoruhusiwa kisheria, ni somo la mizani linalogusa mfuko wa mzazi. Nayo maharage yanayochelewa kuiva milimani ni somo la mgandamizo wa hewa: huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Tusijidanganye, hata hivyo. Kiazi hakiwezi kuwa hadubini, wala ndoo haiwezi kuwa bureti. Mwaka 2014 na 2015 wananchi nchini walichangishwa kujenga maabara za shule za kata. Jengo bila kemikali na bila mwalimu wa fizikia ni chumba tu. Kuna lugha pia: mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba anaanza kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Mara nyingi kimya chake si ujinga; ni kutafuta neno. Kiazi kilichopo mezani humpa cha kuonyesha kwa kidole wakati neno bado halijaja.

Na sayansi kubwa nayo huanzia kwa wenyeji. Watafiti walimfikia kipunji, kima wa Mlima Rungwe, mwaka 2003 baada ya kusikiliza wawindaji. Leo jina la jenasi yake, Rungwecebus, limebeba jina la mlima huo.

Kazi ya nyumbani, basi, isiwe kunakili maana ya osmosisi. Iwe hii: kwa nini kachumbari iliyotiwa chumvi mapema huwa imejaa maji wakati wa kula?