Saini ya Kitenzi: Lini Vitenzi Viwili Huwa Sawa?

Wataalamu wa kompyuta wana swali ambalo sisi wanaisimu tungelipaswa kuliazima zamani. Funksheni ni kipande cha programu kipokeacho vitu na kutenda kazi fulani. Je, funksheni mbili huhesabiwa kuwa na saini moja kwa misingi gani? Katika lugha ya programu ya Java, iliyotolewa mwaka 1995, hutazamwa jina, kisha idadi ya vitu vipokelewavyo, aina ya kila kimoja na mpangilio wake. Majina ambayo mtunzi wa programu amevipa vitu hivyo hayahesabiwi, wala aina ya jibu litolewalo.

Tuliweke jina kando, tuvitazame vitenzi vyetu kwa jicho hilo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la pili la mwaka 2004, huvipambanua vitenzi kwa alama mbili: elekezi na si elekezi. Kwa kipimo hicho, -kata na -pa ni ndugu. Lakini mvuvi wa Raskazone asemapo "Nimekata samaki", sentensi imetimia. Asemapo "Nimempa samaki", nafasi ni tatu: mtoaji, mpewa na kitolewacho. Kiambishi -m- ni cha mpewa, nacho hakiondoki. Wala nafasi hizo hazibadilishani: "Mtoto amepewa samaki" ni kitoweo, "Samaki amepewa mtoto" ni msiba.

Kinyume chake, -pa na -nunulia havifanani kwa umbo, kwani kimoja ni mzizi mtupu na kingine kimenyambuliwa, lakini saini yao ni moja: mtenda, yambwa tendewa, yambwa tendwa.

Idadi peke yake haitoshi. Katika "Alinikatia samaki" na "kisu cha kukatia samaki", umbo ni lile lile -katia na nafasi ni tatu kotekote. Ila moja ni ya mtu anufaikaye, nyingine ni ya ala. Java ingezihesabu hizo kuwa funksheni mbili.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni kazi ya sarufi, si ya kamusi. Sikubaliani nao. Mzaliwa wa Tanga hahitaji kuambiwa. Anayeifungua kamusi ni mgeni ajifunzaye, na siku hizi pia mtunzi wa programu ya kutafsiri. Alama ya elekezi haimwonyeshi kwamba "Nilipa samaki" ina pengo. Ningependelea kila kidahizo cha kitenzi kitaje yambwa zake, idadi na aina: -kata, tendwa, -pa, tendewa na tendwa, -katia, mara mbili.