Ukifuata Upepo Pwani, Lipia Malazi Kidogo Kidogo

Likizo imekubaliwa ofisini, tiketi ya SGR iko kwenye simu, na rafiki yako mmoja ameapa kwamba mwaka huu lazima nyote mjifunze ubao wa tanga, yaani ule mchezo wa kusimama juu ya ubao ukishika tanga na kuuacha upepo ukupeleke. Kilichobaki ni mahali pa kulala. Hapo wengi hufanya walichozoea kufanya wakienda Mombasa kwa Krismasi: tafuta picha kali Instagram, uliza bei, tuma pesa yote, basi.

Safari ya upepo haiko hivyo. Ukienda kuogelea tu, nyumba iliyokufaa Jumatatu itakufaa Alhamisi. Ukienda na ubao, nyumba hiyo hiyo inaweza kukugeukia katikati ya wiki, kwa sababu upepo umelala, au maji yamekauka mbele ya geti lenu na yanayoteleza vizuri yako kilomita kumi kutoka hapo. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "ni ngapi kwa usiku?", jiulize: nikifika nikute mambo ni tofauti, pesa yangu itakuwa wapi? Ikiwa yote iko kwa mtu usiyemjua, huna safari tena, una kesi.

Soma upepo kwanza, bei baadaye

Watu wa Pwani wamegawa mwaka kwa pepo tangu zamani. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi. Kusi hutoka kusini mashariki na hushika miezi ya katikati ya mwaka, mpaka Septemba hivi. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, wakati upepo unapobadilika na hautabiriki. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja huku na kaskazi yakarudi na kusi. Wewe na ubao wako wa kukodi mnatumia kalenda ile ile.

Sasa iweke kalenda hiyo kando ya kalenda ya bei. Desemba kaskazi inaanza, lakini nusu ya Nairobi iko Diani na kila chumba kina bei ya sikukuu. Ngoja mpaka katikati ya Januari, watoto wamerudi shule na wazazi wako kwenye Njaanuari: upepo bado upo, wageni wamepungua, na mwenye nyumba anapokea simu kwa sauti tamu kidogo. Juni na Julai vilevile, kabla ya likizo ya Agosti, kusi inavuma na vyumba vipo. Aprili na Mei ni masika. Bei huwa chini kabisa, lakini hoteli kadhaa hufunga kwa ukarabati na mvua inaweza kuwafungia ndani siku tatu mkicheza karata. Kwangu mimi hiyo si bei nafuu, ni bei ya karata.

Kisha kuna maji, na hili watu wa bara tunalisahau sana. Ufuo wa Diani umekingwa na mwamba, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji yaliyotulia ambayo ni mazuri kwa anayejifunza. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya hapo hubaki mawe, nyasi za baharini na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi ambao hutaki kuwakanyaga. Ubao wa tanga una pezi chini yake, na pezi linahitaji kina. Wale wanaovutwa na tiara wanaweza kupita mahali ambapo wewe utakwama.

Bamvua, yaani maji makubwa yanayokuja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yana tabia moja nzuri katika pwani yetu: maji hupwa sana kati ya asubuhi na mchana, halafu hujaa mnamo saa kumi jioni. Upepo nao mara nyingi hupata nguvu mchana kwenda jioni. Ukizipanga siku zako zianguke hapo, unalala mpaka saa tatu, unakula mahamri na mbaazi bila haraka, na mchana maji na upepo vinakutana. Majedwali ya kupwa na kujaa yako mtandaoni bure. Angalia tarehe hizo kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Nyumba ipi, wapi

Kwa anayeanza, nafikiri Diani ndiyo mahali rahisi, kwa sababu mbao za kukodi na walimu wapo na malazi yako ya kila aina. Ukanda wa kusini, kuelekea Galu, huwa na watu wachache na nafasi zaidi ya kutandaza tanga mchangani. Mjini Ukunda kuna vyumba vya bei ya chini, ila vina hesabu yake: utapanda tuktuk au boda kwenda ufuoni na kurudi kila siku, na usiku bei ya tuktuk hupanda. Jumlisha nauli ya siku tano ya watu wanne uone kama bado ni nafuu. Kaskazini zaidi kuna Watamu, na baada ya Malindi kuna Mambrui, ambako ufuo ni mrefu na upepo ni mkali, lakini nyumba ni chache na huwezi kuhama kirahisi mambo yakiharibika. Mambrui ningepaacha kwa safari ya pili.

Matangazo yote husema "dakika mbili kutoka baharini". Dakika mbili za nani? Za mtu aliyevaa ndala akiwa mikono mitupu, au zako ukiwa na ubao kwapani na upepo unataka kukunyang'anya? Nyumba nyingi za bei ya kati Diani ziko ng'ambo ya barabara kuu, na kufika ufuoni unapita njia ya umma kati ya viwanja vya watu. Njia hiyo ikiwa mbali, utafika majini umeshachoka.

Kwa hivyo omba simu ya video kabla ya kulipa. Usiridhike na picha, wala na video iliyorekodiwa. Piga simu mchana, mwombe mwenye nyumba au mlinzi aanze mlangoni atembee mpaka maji yalipo, nawe uhesabu dakika. Njiani mwambie akuonyeshe bomba la nje, kwa sababu tanga na vyuma lazima vioshwe chumvi kwa maji baridi, na mahali penye kufuli ambapo mbao zitalala usiku. Ukipotelewa na ubao wa kukodi, wewe ndiye utakayeulizwa. Ghorofa ya tatu bila lifti, hata iwe na dimbwi la kuogelea juu, achana nayo.

Uzuri wa simu hiyo ni kwamba inafanya kazi mbili. Anayetangaza nyumba isiyo yake, aliyeiba picha kutoka ukurasa wa mtu mwingine, hawezi kutembea kutoka mlangoni hadi baharini mbele yako. Atakwambia kamera imeharibika, yuko safarini Nairobi, mlinzi amelala. Na papo hapo ataongeza kwamba kuna mteja mwingine anataka tarehe hizo hizo, kwa hivyo tuma sasa hivi. Haraka hiyo ndiyo dalili. Mwenye nyumba wa kweli anaweza kuwa na kazi nyingi, lakini atasema, "Dada, nipigie saa nane nitakuwa hapo."

Ukitaka mfano wa ujumbe wa kwanza, andika hivi: "Habari za leo. Tuko wanne, tunakuja na mbao mbili za tanga. Tunaomba kuanza na usiku mbili kuanzia tarehe 18, tukipenda tuongeze tatu. Je, inawezekana? Depoziti ni ngapi, na tusipokuja inarudi? Mnapokea malipo kwa tili ya jina gani?" Majibu ya maswali hayo matatu ya mwisho yatakueleza mengi kuhusu unayeongea naye.

Pesa itoke vipi

Tuseme nyumba ni shilingi 8,000 kwa usiku. Usiku tano ni 40,000, yaani 10,000 kwa kila mmoja wenu. Ukituma yote wiki tatu kabla, hiyo 40,000 yote iko hatarini. Mkianza na usiku mbili, bili ni 16,000. Depoziti ya nusu ni 8,000, ambayo ni 2,000 kwa kila mtu, na 8,000 nyingine mnalipa mkiwa mmesimama sebuleni, mmewasha bomba na mmeona vitanda. Usiku tatu zilizobaki, 24,000, zinabaki kwenye simu zenu. Siku ya pili jioni mnaamua: upepo ni mzuri, tunaongeza, au hapana, tunahamia kwingine. Wakati wa Krismasi na Pasaka wenye nyumba wengi watakataa mpango huu, na wana haki. Hapo omba angalau sehemu kubwa ilipwe mkifika, na makubaliano ya kurudishiwa yaandikwe kwenye ujumbe. Usiyaache kwenye maneno ya simu.

Mahali pa kulipa ni muhimu kuliko kiasi. Tili au Paybill ina jina la biashara, na jina hilo hutokea kwenye simu yako kabla pesa haijaondoka. Lisome. Kama nyumba inajitangaza kwa jina moja na tili inaleta jina la duka la vipuri, uliza. Huenda kuna sababu nzuri, kwa maana watu hutumia tili moja kwa biashara mbili, lakini mwache aieleze yeye. Ukiambiwa utume kwa namba ya kibinafsi, jina litakalotokea liwe la mtu uliyemwona kwenye video au ambaye mmekubaliana naye kwa maandishi. Halilingani? Ghairi. Unaweza pia kuomba nakala ya kibali cha biashara cha kaunti au leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Mwenye biashara halali hatakasirika.

Vijana wa ufuoni watakutafutia nyumba pia, na kusema kweli baadhi yao wanaijua Diani nzima, mpaka bomba lipi halina maji. Wape asante yao, ni kazi. Lakini kodi ya nyumba mlipe mwenye nyumba, asante yake iende kando.

Kwa kikundi, mtu mmoja awe mweka hazina, apokee michango na alipe mara moja. Ujumbe wa uthibitisho unabaki mahali pamoja. Ujumbe huo usiufute mpaka mrudi nyumbani. Upige picha ya skrini uiweke kwenye kundi lenu la WhatsApp, ili simu ya mweka hazina ikianguka baharini (na huanguka) bado mna ushahidi mkifika mlangoni.

Ukigundua umetapeliwa, dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Ukitumia M-Pesa, ujumbe wa muamala huelekezwa kwa 456 kuomba pesa irudishwe. Kwenye huduma nyingine piga simu ya wateja mara moja. Fahamu tu kwamba njia hii ilitengenezwa hasa kwa aliyekosea namba, na mpokeaji akishatoa pesa kwa wakala, kurudishiwa kunakuwa kugumu. Ndiyo maana tunasisitiza depoziti ndogo. Baada ya hapo nenda kituo cha polisi uandikishe na upate namba ya OB, ukiwa na namba ya mtu huyo, ujumbe wa muamala na mazungumzo yenu yote. Na mtu akikupigia kesho akidai anatoka "huduma kwa wateja" na anataka namba yako ya siri ili akurudishie pesa, huyo ni yule yule amerudi kwa sauti nyingine. Namba ya siri haiulizwi na mtu yeyote wa kweli.

Mkifika, kabla ya kulipa salio, zungukeni nyumba na mlinzi mkipiga picha za kilichovunjika tayari: kiti, kioo, mlango wa friji. Baadhi ya nyumba hushika pesa ya uharibifu, na mkitoka bila picha itakuwa neno lenu na lake. Muulizeni pia atairudisha siku gani na kwa namba ipi. Na fungeni madirisha mkienda majini. Tumbili wa Diani hawana haja na tanga wala simu, ila mkate na ndizi mlizonunua Ukunda watavimaliza kabla hamjaloa maji, na hasara hiyo hakuna namba ya kuipigia.