Mwaka wa Serikali na Mwaka wa Mvua

Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya hufungwa tarehe 30 Juni. Mwaka huo ukifungwa, ofisi za Kaunti ya Wajir, kama za kaunti nyingine, hutakiwa kueleza kilichofanyika na pesa zilikokwenda. Mfugaji wa Griftu, huko Wajir Magharibi, ana kalenda nyingine. Anaanza na gu, mvua za Machi hadi Mei, kisha hagaa yenye upepo, kisha deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba, halafu jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka ambapo ngamia hupanga foleni kisimani mchana na usiku. Gu ikinyesha vizuri, taarifa ya Juni humkuta mfugaji ana malisho na mabwawa yana maji. Kamati ya maji husifiwa wakati haina kazi kubwa, na hakuna anayeiuliza chochote mwezi Februari.

Pengo hili kati ya kalenda mbili linahitaji utafiti tendaji, yaani njia ya kusimamia kazi na kujifunza kutokana nayo, na naamini unazifaa taasisi ndogo za kaskazini mashariki mwa Kenya kuliko mifumo mingi ya tathmini zinayotwishwa. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehama Ujerumani mwaka 1933 na kwenda Marekani, aliueleza katika makala yake ya mwaka 1946. Watu hupanga hatua, huitekeleza, hutazama matokeo yake kwa makini, kisha hurekebisha mpango na kuanza mzunguko mwingine. Anayeuliza swali ni yuleyule anayefanya kazi. Mtaalamu akiwepo, kazi yake ni kusaidia swali liulizwe vizuri na majibu yahifadhiwe. Afrika Mashariki haikuchelewa kuupokea. Miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz na wenzake wa Tanzania na Ufini walifanya mradi wa Jipemoyo katika eneo la Bagamoyo, ambapo wanakijiji na wafugaji wa Kiparakuyo walishiriki kuchunguza maisha yao wenyewe.

Wajir yenyewe ina mfano mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mapigano ya koo yaliingia hadi sokoni, ikawa kununua na kuuza kunategemea ukoo wa mtu. Mwaka 1993 kundi la wanawake, akiwemo mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, liliamua kuanzia hapohapo sokoni. Waliweka wachunguzi wa kuangalia kama kila mama anauza na kununua bila kubaguliwa, na mahali pa kupeleka malalamiko. Lakini amani ya soko haiwezi kudumu ikiwa wazee hawajakubaliana na vijana bado wana bunduki. Juhudi zikapanuka kwa wazee, na mwaka huohuo yakapatikana makubaliano ya amani, Azimio la Al-Fatah. Kisha kwa vijana, kisha kwa maofisa wa serikali. Mwaka 1995 makundi hayo yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ambayo wilaya nyingine za kaskazini ziliiga. Mimi nauita huo utafiti tendaji wa kweli, kwa sababu umbo la taasisi lilitokana na yale ambayo kila hatua ilifunua. Mwaka 2000 Dekha alikuwa mmoja wa waandishi wa kitabu cha mbinu za kushughulikia migogoro kilichotumiwa mbali na Wajir, na mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood.

Sasa tuchukue taasisi ndogo zaidi: kamati ya kisima cha mashine. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini hautakuwa mgeni kwa aliyewahi kunywesha mifugo huko. Kila jilaal jenereta huharibika, watu hulaumu kaunti kwa kuchelewesha fundi, boza la maji huletwa kwa gharama kubwa, na mvua ikinyesha mambo husahaulika. Kamati inaamua kuuliza swali moja tu: kwa nini jenereta linakufa wakati tunapolihitaji zaidi? Mwendesha mashine anapewa daftari. Kila siku anaandika saa ambazo jenereta limefanya kazi, dizeli iliyotumika, oili ilipobadilishwa, pampu iliposimama na fundi alipofika.

Jenereta nyingi za dizeli huhitaji kubadilishiwa oili na chujio kila baada ya saa 250 hivi. Likifanya kazi saa 4 kwa siku wakati wa mvua, hizo ni siku zaidi ya 60. Likifanya kazi saa 20 wakati wa jilaal, hazifiki wiki mbili. Kamati inayobadilisha oili kila mwisho wa mwezi, kwa nidhamu na kwa risiti, inapoteza pesa wakati wa mvua na inaua injini wakati wa kiangazi. Ukaguzi wa Juni hautaliona hilo kamwe, kwani risiti zote zipo. Daftari linalionyesha katika msimu mmoja.

Mzunguko wa pili unaanza hapo. Oili sasa itafuata saa za mashine, kwa hiyo lazima inunuliwe kabla ya jilaal. Lakini wakati wa deyr mifugo hunywa madimbwi ya mvua na kisima hakiingizi kitu. Basi pesa za jilaal iliyopita zinapaswa kuwekwa, na hapo swali la oili limegeuka kuwa swali la mapato: nani analipa, nani amesamehewa, na kwa nini. Chris Argyris na Donald Schön walitofautisha kurekebisha kosa na kuhoji kanuni inayozaa kosa. Kazi nyingi za namna hii hukwama katika hatua hiyo ya pili, kwa kuwa daftari linaanza kumgusa mtu mwenye nguvu. Ni vyema makubaliano yafanywe mapema, mbele ya wazee na wanawake wanaochota maji kwa mitungi, kwamba daftari litasomwa kwa sauti kwa wote na kwamba halitatumiwa kumfukuza mwendesha mashine. Asipolindwa, ataandika yale yanayompendeza mwenyekiti.

Wako wanaosema njia hii ni laini mno kutegemewa. Lakini kati ya mwaka 2000 na 2009 Layne Coppock na wenzake walitumia utafiti wa aina hii kwa wafugaji wa kusini mwa Ethiopia. Wanawake wa huko walivuka mpaka kuja kujifunza kwa vikundi vya wanawake wa kaskazini mwa Kenya, wakarudi kuunda vikundi vyao vya akiba na biashara. Ukame wa 2005 hadi 2008 ukawapima. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2011, yalionyesha kwamba njaa ilipungua na mali iliongezeka kwa waliokuwa katika vikundi kuliko kwa wasiokuwamo.

Griftu ina kituo cha mafunzo ya wafugaji. Kingeweza kuziita kamati za maji mara mbili kwa mwaka, kila moja na daftari lake: Desemba, kabla ya foleni za ngamia kuanza, na Aprili, kumbukumbu za jilaal zikiwa bado mbichi. Taarifa ya Juni ingeandikwa kutoka kwenye madaftari hayo.