Saa za Wafalme Walioanguka

Katikati ya Mei 2017, ndani ya siku tatu, saa mbili kuukuu za dhahabu ziligombaniwa mnadani Geneva. Ya kwanza ilikuwa Rolex ya Bao Dai, mfalme wa mwisho wa Vietnam, na kampuni ya Phillips iliiuza kwa faranga za Uswisi 5,066,000. Ya pili, Patek Philippe ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, iliuzwa na Christie's kwa karibu faranga milioni 2.9. Faranga na dola zilikuwa karibu sawa wakati huo, kwa hiyo Mtanzania aliyepiga hesabu angepata zaidi ya shilingi bilioni 11 kwa ile ya kwanza na zaidi ya bilioni 6 kwa ya pili.

Bei hizo si za dhahabu. Dhahabu ya saa kama hizi ni ya karati 18, yaani robo tatu dhahabu na robo iliyobaki madini mengine ya kuipa ugumu, maana dhahabu tupu ni laini na hukwaruzika upesi. Yeyusha kila gramu ya saa zote mbili, mpelekee sonara wa Geita au wa Kariakoo, na fedha utakayopata itakuwa sehemu ndogo mno ya bei hizo. Wala bei si za kujua wakati. Kiswaswadu cha mama muuza mboga kinaweza kuchukua saa kutoka kwenye mtandao wa simu, na kwa usahihi kinazishinda zote mbili.

Wenye kuzifuatilia saa hizi wanajua pia kwamba chuma huweza kuipiku dhahabu. Novemba 2016 Patek Philippe ya toleo la 1518, yenye kasha la chuma cha pua, ilivuka faranga milioni 11 hukohuko Geneva, kwa sababu kiwanda kilitengeneza nyingi za dhahabu na za chuma zinajulikana nne tu. Oktoba 2017 Rolex ya chuma iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman ikauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17.7. Mnadani mtu hulipia uchache, na zaidi ya hapo hulipia habari ya aliyeivaa.

Habari ya Bao Dai inastahili kusimuliwa taratibu. Mwaka 1954 mataifa makubwa yalikutana Geneva, kuanzia Aprili hadi Julai, kuamua hatima ya Indochina. Mei 7, mkutano ukiendelea, ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu ilianguka mikononi mwa wapiganaji wa Ho Chi Minh. Bao Dai alikuwa mkuu wa dola ya Vietnam iliyoungwa mkono na Ufaransa, ingawa muda wake mwingi aliutumia Ufaransa kwenyewe, na sifa ya kupenda anasa ilimtangulia kila alikokwenda. Inasimuliwa kwamba katika siku hizo za mkutano aliingia duka la saa la Philippe Beguin, jirani na Hôtel des Bergues, akaomba aonyeshwe Rolex adimu na ya thamani kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Alizoletewa alizikataa moja baada ya nyingine. Mwenye duka akapiga simu kiwandani, ikaletwa iliyomridhisha.

Ilikuwa toleo la 6062, kasha la dhahabu ya njano lenye upana wa milimita 36, dogo kwa vipimo vya vijana wa leo wanaovaa saa pana kama kifuniko cha kopo. Uso wake ni mweusi, una siku, tarehe, mwezi na kidirisha cha kuonyesha mwezi wa angani ukipevuka na kufifia, na kwenye namba za shufwa pamepachikwa almasi. Rolex za aina hiyo zenye uso mweusi na almasi zinazojulikana ni tatu, na hii ya mfalme ndiyo pekee yenye mpangilio huo wa almasi. Kalenda yake haijui tofauti za miezi: kila mwezi usiofika tarehe 31 mvaaji lazima airekebishe kwa mkono. Mfalme mwenye watumishi huenda hilo halikumsumbua.

Julai mkutano uliikata nchi yake vipande viwili. Oktoba 1955 waziri mkuu wake, Ngo Dinh Diem, aliitisha kura ya maoni kumwondoa, akatangaza ushindi wa asilimia 98.2. Jijini Saigon kura zilizohesabiwa zilizidi idadi ya waliojiandikisha, jambo ambalo wasomaji wa kanda yetu hawahitaji kufafanuliwa. Bao Dai aliishi uhamishoni Ufaransa hadi alipofariki Paris mwaka 1997. Saa alibaki nayo, na mwaka 2002 ilitoka kwa familia yake ikapelekwa kwa Phillips, ikauzwa kwa faranga 342,000. Aliyeinunua aliikalia miaka 15. Mwaka 2017 ilipata karibu mara 15 ya bei ile, wakati katalogi yenyewe ilikuwa imekadiria kuanzia faranga milioni 1.5 tu.

Hapo ndipo ninapoona uchungu wa biashara hii. Ufalme ulikuwa wa familia, aibu ya kupinduliwa ilikuwa ya familia, lakini fungu kubwa la fedha lilikwenda kwa mgeni mwenye mtaji na subira.

Saa ya Haile Selassie inatugusa kwa karibu zaidi. Nairobi ina barabara yenye jina lake, Mombasa inayo, Dar es Salaam nayo inayo. Geneva ilimwona Juni 30, 1936, aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa wa enzi hizo kuishtaki Italia iliyokuwa imeivamia nchi yake, waandishi wa Kiitaliano wakampigia miluzi ili asisikike. Wakubwa walimsikiliza, wakamwacha. Miaka 18 baadaye, Novemba 1954, alifika tena Uswisi, safari hii akiwa mgeni rasmi mwenye kiti chake cha enzi, na inaelezwa kuwa saa hiyo ilikuwa zawadi aliyokabidhiwa na serikali ya nchi hiyo.

Ni Patek Philippe ya toleo la 2497, dhahabu ya njano, uso mweusi. Hujazwa kwa mkono, na kalenda yake ni ya kudumu: meno ya magurudumu yake yanajua miezi ya siku 30 na 31, yanajua Februari ya siku 28 na ile ya 29, na mvaaji akiendelea kuijaza hana haja ya kuigusa tarehe hadi mwaka 2100, ambao kwa kanuni ya kalenda hautakuwa mrefu ingawa unagawanyika kwa nne. Ufundi huo wote umebanwa ndani ya kitu kinachofunikwa na mkono wa shati.

Na bado saa hiyo haikuijua Ethiopia. Kalenda ya huko ina miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 kila mmoja na wa mwisho, Pagume, wa siku tano au sita. Mwaka mpya huanza Septemba. Saa za mchana nazo huhesabiwa tangu kunapokucha, kama tufanyavyo sisi: mshale ukigusa 7 asubuhi, Addis Ababa ni saa moja, na Tanga ni saa moja. Mfalme akitazama mkono wake ilimpasa afanye hesabu ileile anayoifanya kila Mswahili bila kufikiri.

Septemba 12, 1974 wanajeshi walimtoa ikulu ndani ya gari dogo la Volkswagen. Agosti mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa amefariki. Mifupa yake iligunduliwa mwaka 1992 chini ya sakafu katika eneo la ikulu, akazikwa kwa heshima katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa, Novemba 2000. Mwili wa mfalme ulichukua robo karne kupata kaburi, wakati saa yake ilikuwa salama mahali fulani.

Ilipotokea Geneva Novemba 2015, katalogi ya Christie's ikiwa imeshachapishwa, umiliki wake ulihojiwa na jamaa wa mfalme. Saa ikaondolewa mnadani dakika za mwisho. Miezi 18 baadaye ilirudi, ikauzwa kwa bei niliyotaja mwanzo.

Ethiopia ina uzoefu mrefu na mali zake kuonekana kwenye meza za wengine. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza liliteka Magdala, Mfalme Tewodros akajiua, na nyara zikabebwa kwa tembo na nyumbu. Mwaka 2019 makumbusho ya jeshi mjini London yalirudisha nywele zake. Mwaka 2021 vitu vya Magdala vilipotangazwa kuuzwa mnadani Dorset, ubalozi wa Ethiopia ulipinga, vikaondolewa, kisha vikanunuliwa na taasisi moja na kurejeshwa kwao. Saa ya Haile Selassie haimo katika fungu hilo: ilitengenezwa Uswisi, alipewa yeye, na nyara ya vita haikuwa. Lakini zawadi ya serikali kwa mkuu wa nchi ni ya nani? Yake binafsi, ya watoto wake, au ya hazina ya taifa? Nchi nyingi siku hizi zina sheria inayomtaka kiongozi asalimishe zawadi kubwa. Kwa maoni yangu saa ile ilistahili kuwekwa kwenye kabati la makumbusho Addis Ababa, na ninasikitika kwamba ilipigwa mnada.

Mnada wenyewe hauulizi maswali ya aina hiyo kwa muda mrefu. Dalali husoma namba, hupandisha dau, hutazama walioketi na wanaopokea simu za matajiri walio mbali, kisha hugonga nyundo. Bei tunayoisoma magazetini imejumuisha ada ya kampuni anayolipa mnunuzi, kwa hiyo muuzaji hapati yote. Kinachokaguliwa kwa makini kabla ya hapo ni mambo ya fundi: je, uso wa saa ni ule wa kwanza au umepakwa upya? Kasha limesuguliwa? Namba za kasha zinalingana na daftari la kiwanda? Mkwaruzo wa miaka 60 ni ushahidi, na anayeung'arisha anafuta fedha.

Si lazima uwe wa ukoo wa kifalme kuguswa na haya. Sultan Qaboos wa Oman alikuwa akigawa saa zenye nembo ya jambia, nyingi zikiagizwa kupitia duka la Asprey la London, na leo zinasakwa minadani. Zipo familia Muscat, na pengine Unguja na Pemba, zenye mzee aliyepewa moja enzi hizo akaiweka kabatini pamoja na hirizi na pasipoti za zamani.

Kama babu yako aliacha saa, usimpe fundi aisugue wala abadilishe uso wake. Tunza boksi, risiti, na picha yoyote inayomwonyesha akiwa ameivaa. Andika alikoipata na mwaka, wangali hai wanaokumbuka. Usikubali bei ya kwanza ya mtu aliyekuja nyumbani mwenyewe kuiulizia. Na kama warithi ni wengi, afikianeni kwa maandishi nani ni mwenye saa kabla haijatoka nyumbani.